Fukushima: mionzi haikuwaua, kuhamishwa kuliwaua

Zama zile mjadala wa mtambo wa nyuklia wa Uyombo ulipokuwa moto, kila mtu akitaja Fukushima upande wa watetezi wa mradi ulikuwa na jibu moja tayari: Fukushima hakuna mwananchi aliyekufa kwa mionzi. Mimi nilikuwa upande wa wanaopinga, na kila nikilisikia jibu hilo nilijiambia huu ni uongo mtupu. Nikaenda kulitafutia ushahidi ili siku nyingine nimjibu mtu mbele ya watu.

Nilichokuta ni kwamba si uongo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilisema katika ripoti iliyotoka 2021 kwamba haikuona madhara ya kiafya kwa wakazi wa Fukushima yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi. Serikali ya Japani imekubali kifo cha mfanyakazi mmoja wa mtambo aliyefariki kwa saratani ya mapafu, ikatangaza hivyo 2018. Kuna ubishi juu ya saratani ya tezi ya shingo: watoto na vijana wapatao 380,000 waliwekwa kwenye mpango wa uchunguzi, na zaidi ya 300 wakapatikana na saratani hiyo au wakashukiwa kuwa nayo. Wataalamu wengi wanasema ukimulika shingo za watoto wengi kiasi hicho kwa mashine kali lazima uone vivimbe ambavyo vingekaa kimya miaka yote. Baadhi ya wazazi hawakubali maelezo hayo, na kesi ziko mahakamani.

Lakini katika mkoa huohuo wa Fukushima kuna daftari jingine la serikali. Linaitwa la vifo vinavyohusiana na janga. Si waliochukuliwa na maji wala walioangukiwa na nyumba. Ni waliokufa baadaye kwa sababu ya uchovu wa kuhama, dawa kukatika, baridi ya makambi, upweke, au kujitoa uhai. Mpaka leo lina majina zaidi ya 2,300. Tetemeko na tsunami yenyewe viliua watu wapatao 1,600 katika mkoa huo. Yaani kilichokuja baada ya bahari kimeua wengi kuliko bahari.

Mtu atasema labda ni kawaida baada ya janga kubwa. Basi tutazame majirani. Mkoa wa Miyagi ulipoteza watu zaidi ya 9,000 kwa maji, na vifo vyake vya baadaye havikufika 1,000. Iwate walikufa zaidi ya 4,000 kwa maji, na vya baadaye havikufika 500. Tetemeko ni moja, bahari ni moja, baridi ya mwezi Machi ni ileile. Fukushima ilikuwa na kitu kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho: amri ya kuhama kwa ajili ya mtambo.

Nieleze kwa ufupi kilichotokea, maana wengi wetu tuliona picha tu za televisheni. Ilikuwa Ijumaa, 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za kule. Tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipiga chini ya bahari. Mtambo wa Fukushima Daiichi, mali ya kampuni ya umeme ya Tokyo iitwayo TEPCO, ulikuwa na vinu sita. Vitatu vilikuwa vikifanya kazi na vilijizima vyenyewe kama ilivyopangwa. Ila kinu cha nyuklia si jiko la gesi. Ukikizima, moto wa ndani unaendelea kwa siku na wiki, na lazima kipozwe kwa maji, na pampu za maji zinataka umeme. Laini za umeme zilikuwa zimeanguka. Jenereta za dizeli zikashika kazi. Baada ya dakika kama 50 likaja wimbi la karibu mita 15, wakati mtambo ulikuwa umejengwa kuhimili wimbi lisilofika hata mita 6. Jenereta nyingi zilikuwa vyumba vya chini. Zikazama. Vinu vitatu vikayeyuka ndani, na gesi ya haidrojeni ikalipua majengo tarehe 12, 14 na 15.

Wala wimbi hilo halikuwa jambo lisilofikirika. Mwaka 2008 hesabu za ndani za TEPCO zenyewe zilikuwa zimeonyesha kwamba wimbi la mita 15.7 linaweza kufika pale. Ukuta haukuongezwa. Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani, chini ya uenyekiti wa Profesa Kiyoshi Kurokawa, ilisema wazi Julai 2012 kwamba janga hili lilitengenezwa na binadamu, na kwamba kampuni, serikali na wasimamizi walikuwa kitu kimoja. Wakuu watatu wa zamani wa kampuni walishtakiwa kwa jinai. Mahakama ya Juu ilithibitisha Machi 2025 kwamba wawili kati yao hawana hatia. Hilo nalipita.

Ninalotaka kukaa nalo ni ile amri. Saa tatu kasoro dakika kumi usiku, mkoa ukasema walio ndani ya kilomita 2 waondoke. Nusu saa baadaye serikali kuu ikasema kilomita 3. Alfajiri ikawa kilomita 10. Jioni ya siku hiyo ya pili, kilomita 20. Watu walihama mara tatu, mara nne, wengine zaidi. Unafika shule fulani, unatandika blanketi, unaambiwa ondoka tena. Wengi hawakuambiwa kwa nini. Walidhani ni siku mbili tatu, wakaacha mbwa wamefungwa, ng'ombe zizini, na dawa za presha mezani.

Ndani ya mduara huo, katika mji wa Okuma, kulikuwa na hospitali iitwayo Futaba, yenye wagonjwa wazee wengi wa kulala. Siku ya pili mabasi yaliwachukua wanaoweza kutembea. Wasioweza kusimama walibaki, zaidi ya 100, pamoja na daktari mkuu na wafanyakazi wachache, bila umeme na bila maji. Basi la kwanza la wagonjwa hao likaja tarehe 14. Kwa kuwa barabara ya karibu ilipita ndani ya eneo la hatari, basi lilizunguka zaidi ya kilomita 200, muda wa saa kumi hivi, kuwapeleka mji wa Iwaki ambao kwa njia ya kawaida hauko mbali. Wagonjwa wengine walikaa vitini wakiwa na mirija. Hakukuwa na daktari ndani. Wako waliokata roho njiani, na wako waliokata roho usiku huo kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule walikoteremshwa. Kufikia mwisho wa mwezi, waliokufa katika wagonjwa wa hospitali hiyo peke yake walikuwa wapatao 40. Kama kwamba haitoshi, mkoa ulitangaza kwamba madaktari waliwatelekeza wagonjwa wao, tangazo ambalo baadaye ilibidi lisahihishwe.

Hakuna hata mmoja katika wazee hao aliyeuawa na mionzi. Yule mtetezi wa mradi alisema kweli.

Kuna utafiti uliofanywa baadaye juu ya wazee wa nyumba za kulelea katika mji wa Minamisoma. Waliohamishwa walikufa kwa kiwango cha mara 2.7 ya kile cha kabla ya janga. Lakini tofauti kati ya nyumba na nyumba ilikuwa kubwa. Pale ambapo safari iliandaliwa, wauguzi wakaenda na wazee wao, na huko waendako wakapokewa na watu wanaojua huyu anakula nini na yule anageuzwa ubavu saa ngapi, vifo vilikuwa vichache. Hilo ndilo lililonigeuza mawazo. Miaka yote nimekuwa nikibishana juu ya sumu, kumbe ningeuliza habari za mabasi.

Tuje Namie, mji wa watu wapatao 21,000 kaskazini ya mtambo. Kuna kijiji chake cha wavuvi kiitwacho Ukedo, kiko ufukweni, na ukisimama pale bomba la mtambo unaliona kwa macho. Tsunami ilikifagia. Watoto wa shule ya msingi ya Ukedo walikimbia na walimu wao mpaka kilima cha Ohira wakaokoka wote, alhamdulillahi, na jengo lao sasa ni makumbusho. Usiku ule wazima moto wa mji walizunguka kwenye vifusi, na wamesimulia wenyewe kwamba walisikia sauti za watu na milio ya vitu vikigongwa. Giza lilikuwa totoro na mawimbi bado yanakuja, wakaahidi kurudi asubuhi na vifaa. Alfajiri ikaja amri ya kilomita 10. Wakaondoka kwenda kuhamisha walio hai. Kuwatafuta walio chini ya vifusi kulianza tena katikati ya Aprili, mwezi mzima baadaye.

Sisi tunajua uzito wa maiti. Kwetu maiti akilala usiku mmoja bila kuzikwa watu wanaanza kuulizana kuna nini. Mwezi mzima, na baadhi yao huenda walikuwa hai walipoachwa! Wajapani wana dini zao na desturi zao, lakini haya hayataki tafsiri. Wazima moto wale wamebeba deni ambalo halimo katika takwimu za mtu yeyote.

Na walio hai walikimbilia wapi? Wengi wa Namie walipanda milimani kaskazini-magharibi, mtaa wa Tsushima, wakalala kwenye shule na nyumba za jamaa, wakapikiana nje. Upepo nao tarehe 15 ulielekea hukohuko, na mvua na theluji vikateremsha yale machafu juu yao. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI wa kukisia wingu litakwenda wapi. Matokeo yake hayakupelekwa kwa meya wa Namie. Kijiji cha Iitate, chenye watu kama 6,000 na sifa ya ng'ombe wa nyama, kiko zaidi ya kilomita 30 kutoka mtamboni. Kilipokea wakimbizi, kikawapikia, na kuambiwa kwamba chenyewe kihame kulikuja tarehe 22 Aprili. Ule mduara mzuri wa kwenye ramani haukuujua upepo. Mvuvi yeyote wa hapa kwetu angewaambia kwamba kaskazi na kusi hazichori duara.

Kwa jumla, waliohama katika mkoa, kwa amri na kwa hiari, walifika zaidi ya 160,000. Ni wachache ukilinganisha na Chernobyl, ambako tangu 1986 walihamishwa watu wapatao 350,000, na huko mionzi iliua kweli: wazima moto na wafanyakazi 28 ndani ya miezi michache, na baadaye maelfu ya watoto waliokunywa maziwa machafu wakapata saratani ya tezi, ingawa wengi wao walitibiwa wakapona. Sitaki mtu anifahamu vibaya nikadhaniwa nasema mionzi haina neno.

Mji wa Futaba ulihama na ofisi yake. Meya, mafaili, na wakazi zaidi ya 1,000 walikwenda mkoa wa Saitama karibu na Tokyo, kwanza kwenye uwanja wa michezo, kisha kwenye shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa. Madarasa yakawa nyumba. Mpaka kati ya familia na familia ni maboksi. Mji wenyewe ulifunguliwa tena kwa watu kuishi tarehe 30 Agosti 2022, miaka 11 na zaidi baadaye, na waliorudi ni wachache sana kati ya 7,000 wa awali.

Katikati ya mji huo, juu ya barabara, kulikuwa na bango kubwa lenye maneno ya kusifu nyuklia kuwa ni nishati ya mustakabali unaong'aa. Maneno hayo yalitungwa 1988 na mtoto wa shule ya msingi, ikiwa ni kazi ya nyumbani, na akapewa zawadi. Mtoto huyo alikua, na 2011 akakimbia na wenzake. Bango lilipotaka kung'olewa yeye ndiye aliyepinga, akitaka libaki lionekane. Liliondolewa 2015, na sasa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya janga mjini humo. Jambo jingine ambalo si wengi wanalijua: umeme wa mtambo ule haukuwa wa Fukushima. Ulikwenda Tokyo. Fukushima ilikuwa ikiuziwa umeme na kampuni nyingine kabisa.

Halafu ikaja fidia, na fidia ikaleta mambo yake. Waliotoka ndani ya maeneo ya amri walilipwa yeni 100,000 kila mtu kwa mwezi kwa ajili ya maumivu ya moyo, mbali na malipo ya mali. Waliokuwa nje kidogo ya mstari walipata vijipesa vya mara moja. Mama aliyemchukua mtoto akakimbia kutoka mji ambao serikali haikuuandikia amri aliitwa mkimbizi wa hiari, na nyumba ya bure aliyopewa iliondolewa msaada Machi 2017. Huko Iwaki, walikokimbilia maelfu, wenyeji walianza kunung'unika kwamba wageni wanalipwa bila kazi, kodi za nyumba zimepanda na hospitali zimejaa. Watoto wahamiaji waliteswa shuleni. Yokohama kuna mvulana aliyeitwa kijidudu na wenzake, wakamkamua pesa wakidai kwao wanapata fidia. Mume alibaki kazini Fukushima, mke na watoto wakaenda mbali, na ndoa nyingi hazikustahimili. Mwaka 2014 mahakama ya Fukushima iliamua kwamba TEPCO iwajibike kwa kifo cha mama mmoja aliyejiua alipokwenda kutembelea nyumba yake, baada ya kuambiwa hawezi kuishi tena pale.

Kwa wavuvi habari ni ndefu zaidi. Uvuvi wa pwani ya Fukushima ulisimama, ukaanza tena kwa majaribio Juni 2012, samaki aina moja moja, kila shehena ikipimwa. Mnada wa Ukedo ulifunguliwa tena 2020. Hata baada ya miaka kumi, samaki waliovuliwa walikuwa chini ya robo ya wa kabla ya janga, si kwa sababu baharini hamna samaki, bali soko lilishapotea na vijana walishakwenda zao. Mwaka 2015 TEPCO iliwaandikia wavuvi kwamba maji yaliyosafishwa, yaliyokuwa yakijazwa kwenye matangi zaidi ya 1,000, hayatamwagwa bila wahusika kuelewana. Wavuvi hawakukubali. Yakaanza kumwagwa tarehe 24 Agosti 2023. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikuwa limepima na kusema yako ndani ya viwango vya usalama, na mimi sina ujuzi wa kulipinga. China ilipiga marufuku samaki wote wa Japani siku hiyohiyo. Mvuvi anaweza kuwa na karatasi ya maabara mkononi na bado akarudi nyumbani na samaki wake.

Sasa mazungumzo ya mtambo wa Kenya yamehamia Siaya, upande wa ziwa, na hapa Pwani watu wamepumua. Mimi ningewapa wenzetu wa Siaya swali moja la kubeba kwenye vikao vya maoni ya umma, ambalo sisi tuliopambana na polisi Mei 2024 hatukuliuliza sawasawa. Chukueni ramani, chora kilomita 20. Kwetu Uyombo mduara huo ungeimeza Matsangoni, Gede na Watamu, na barabara ya kukimbilia ni ileile ya Mombasa–Malindi inayofungwa lori moja likianguka. Ndani ya mduara wenu mna wazee wangapi wasioweza kuinuka kitandani? Basi la kuwachukua ni la nani, dereva ni nani, na atakuja? Muuguzi gani ataingia nao? Wanateremshwa wapi? Akikujibuni kwamba Fukushima hakuna aliyekufa kwa mionzi, mwambieni hilo tunalijua.

Huko Japani bado zaidi ya watu 20,000 wanahesabiwa kuwa hawajarudi. Udongo uliokwanguliwa mashambani, uani na shuleni katika mkoa mzima, zaidi ya mita za ujazo milioni 13, umerundikwa Okuma na Futaba kuuzunguka mtambo, juu ya ardhi iliyokuwa nyumba, mashamba ya mpunga na makaburi ya watu zaidi ya 2,000 wenye hati. Wengine waliuza, wengine wamekodisha tu, wakishikilia neno la sheria kwamba udongo huo lazima uwe umeondoshwa Fukushima ifikapo Machi 2045. Mwenye shamba aliyekuwa na miaka 40 siku ya wimbi atakuwa na 74. Mahali pa mwisho pa kuupeleka bado hapajapatikana.